Vita vya Mnyapara Cephas vya Kumlaza Mellen

Tegeni masikio, nyinyi wa Suna na nyinyi mlio ng'ambo ya mto, wekeni chini majembe na vyungu, na aliye na mtoto mgongoni amfunge vizuri, maana linalosimuliwa hapa si la kusikilizwa ukiwa umesimama. Zimekwisha semwa habari za majemadari waliovuka mito kwa ngao, na za wafalme waliobomoa miji. Hizo ni habari ndogo. Hapa yanasimuliwa ya Cephas mwana wa Okelo, Mnyapara wa Barabara, Mpuliza Filimbi, Mwenye Saa ya Mkono, aliyeamrisha watu arobaini na majembe yao arobaini, na ambaye katika mwaka wa tatu wa Uhuru alitoka kwenda kupigana na mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa, akapigwa usiku wa kwanza, akapigwa usiku wa pili, na usiku wa tatu akashinda kwa namna itakayoelezwa.

Ee Mola mpaji wa usingizi, unayemlaza punda akiwa amesimama na kuku akiwa juu ya kijiti, tujalie maneno ya kumsifu mtu huyu, kwa kuwa kwa nguvu zetu wenyewe tumeyatafuta na hatukuyaona.

Chanzo cha vita kilikuwa barua. Ililetwa siku ya Alhamisi kutoka Homa Bay, ikiwa na muhuri wa ofisi, na ilimwita Phelesia, mke wa Cephas, aende kozi ya majuma matatu ya kusaidia wakunga. Phelesia alikuwa ameingoja barua hiyo miaka miwili. Alikuwa amejifunza kwa macho, akimfuata mkunga mzee nyumba hata nyumba na kumshikia taa, na mara mbili aliona mama akifa kwa jambo ambalo, waliambiwa baadaye, mtu aliyefundishwa angelizuia kwa dakika kumi. Barua ilisema afike Jumatatu. Asiyefika, nafasi yake apewe mwingine.

Mellen, binti yao, alikuwa ameachishwa ziwa majuma mawili yaliyopita, na tangu hapo hakuwa amelala usiku hata mmoja bila kuamka mara nne na kudai mama yake kwa sauti ambayo ng'ombe wa jirani waliijua.

Jioni hiyo, nyumbani kwa Cephas, aliketi Jaduong' Paul, baba mdogo wa Cephas, mzee aliyebatizwa mara mbili kwa madhehebu mawili ili asikose upande wowote. Aliketi pia Rispa, mama yake Cephas, kwenye kiti cha karibu na mlango, maana desturi ya Wajaluo ilikuwa wazi: mama hakivuki kizingiti cha chumba anacholala mwanawe, wala halali usiku chini ya paa lake. Akikaribishwa, mwisho wake ni sebuleni, na jua likizama vizuri anarudi kwake. Rispa hakuwahi kuivunja desturi hiyo. Wala hakuwahi kuona kwamba kukaa karibu na mlango kunamzuia mtu kusikia.

Mnyapara aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasimama. Alipenda kusema akiwa amesimama.

"Jaduong', na wewe mama yangu, na wewe nyar Karungu," alinena, akimwita mkewe kwa jina la kwao kama ilivyo heshima, "mimi si mtu wa kumzuia mwanamke asiendelee. Serikali imetaka maendeleo, na mimi ni serikali. Lakini nasema hivi. Mtoto huyu akilala usiku mzima, kuanzia giza hadi jogoo, bila mama yake kumgusa, Jumatatu mama yake apande basi. Asipolala, basi liende bila yeye. Na amlaze nani? Nitamlaza mimi! Wanawake mmemharibu huyu mtoto kwa kumbembeleza. Mimi niliyepasua mwamba wa pale mtoni, mwamba uliowashinda Wahindi wawili na mashine yao, nitashindwa na kitu kisichofika hata kwenye goti langu?"

"Si unipe mimi tu nimchukue kwangu," alisema Rispa. "Mtoto akiachishwa ziwa hulala kwa bibi yake. Wewe mwenyewe ulilala kwa bibi yako mpaka ukaota meno ya pili."

"Mama, mtoto wa mnyapara halali kwenye moshi pamoja na mbuzi."

"Mbuzi hawakukuzuia wewe kuwa mnyapara."

"Atalala hapa!" Cephas akainua mkono wenye saa. "Chini ya mabati yangu! Jaduong' Paul ni shahidi."

"Ni mimi shahidi," alisema Jaduong' Paul, naye akapiga chafya, na huko chumbani Mellen, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amelala, akaamka.

Phelesia alikuwa amekwisha toa sanduku lake la bati chini ya kitanda, akalifuta vumbi.

Usiku wa Ijumaa ulipoingia, shujaa alijivika silaha. Kwanza alivaa viatu vyake vya kazi, vyenye misumari chini, kwa kuwa mtu haendi vitani na miguu mitupu. Kisha alining'iniza filimbi shingoni, ile iliyowainua watu arobaini kutoka kivulini. Akaipindua saa yake mkononi ili uso wake ukae ndani, aisome bila kugeuza kiganja. Na mwisho akaiwasha karabai, taa ya kupampu iliyovuma kama nyuki wa mzinga mzima na kutoa mwanga ambao ungetosha kanisa, akaishika juu kwa mkono wa kuume. Phelesia alikuwa amefukuzwa, amekwenda kulala jikoni, nyumba ndogo ya nyasi nyuma ya ile ya mabati. Rispa alikuwa kwake, hatua thelathini tu, na kuta za udongo hazizuii kitu.

Mellen alikuwa ndani ya kitanda chake kipya cha reli, kilichotengenezwa na fundi kwa maagizo ya Mnyapara mwenyewe. Alikuwa amezishika reli kwa mikono miwili, akimtazama baba yake kama mfungwa anayemtazama askari mgeni na kuona kwamba huyu atamweza.

"Lala," aliamuru Cephas.

Mellen alicheka.

"Nimesema lala!"

Mellen alirusha blanketi nje. Cephas aliliokota. Mellen alilirusha tena. Walipigana vita hivyo vya blanketi kwa muda wa nusu saa, na kila mara jemadari ndiye aliyeinama. Lakini watoto nao ni watu, huchoka. Na ilipotimia saa tatu na dakika kumi na mbili, Mellen alikaa, akapepesa macho, akaanguka upande kama gunia la mtama lililofunguliwa kamba, akalala.

Na hapo, enyi wasikilizaji, hapo ndipo mtu mwingine yeyote mwenye mama angeondoka polepole. Cephas aliinua karabai juu ili aone vizuri. Akaitazama saa. Akasogea mpaka dirishani, misumari ya viatu ikigonga saruji koh, koh, koh, akaufungua mdomo wake mkubwa uliozoea uwanja, akatangaza:

"Amelala! Saa tatu na dakika kumi na mbili! Nyar Karungu, umesikia? Amelala!"

Alisikia. Walisikia wote mpaka kwa Makori mwenye duka la njia panda. Na Mellen pia alisikia.

Alilia saa nzima. Akalala tena saa nne na nusu, na shujaa akajizuia asitangaze, hilo tumpe. Lakini baada ya robo saa alirudi kukagua kazi. Mnyapara hajui kufanya kitu na kukiacha. Barabara hukaguliwa, mtaro hukaguliwa, na usingizi pia alikuja kuukagua, na karabai yake, akaifunua neti, akainama mpaka pua yake ikafika kwenye pua ya mtoto, akauliza kwa sauti ya chini ambayo kwake ni sauti ya watu wengine wakigombana: "Umelala?"

Alikagua hivyo mara saba. Mara saba aliuliza, mara saba akajibiwa. Kulipokucha Cephas alikwenda barabarani macho yakiwa mekundu kama ya samaki wa juzi, akapuliza filimbi, akaegemea tingatinga bovu, na watu arobaini wakafanya kazi kwa heshima kubwa, yaani bila kelele, wasije wakamwamsha.

Rispa aliyasikia hayo yote akiwa amelala kwa ubavu kwenye ngozi yake. Alihesabu mara zile saba. Akawaza jambo, lakini hakulisema, maana alikuwa mama wa Cephas kwa miaka thelathini na mitatu na alijua kwamba neno la busara likimfikia mwanawe mapema hulitupa nje kama blanketi.

Jumamosi jioni liliitishwa baraza. Jaduong' Paul alikuwa amechunguza habari hiyo akiwa ameketi nje ya duka la Makori, naye alikuja na jibu.

"Huyu mtoto hana ugonjwa," alisema, fimbo ikichora mchangani. "Huyu anatakwa. Kuna mmoja wa kwetu aliyekufa, anataka mtoto aitwe kwa jina lake, na nyinyi mmempa jina la kitabu, Mellen, Mellen, mkanyamaza. Marehemu ataachaje kumwamsha? Mtoto akilia usiku, majina ya wafu huitwa. Likifikiwa lake, hunyamaza. Hivyo ndivyo sisi sote tulivyopewa majina, na tukalala."

"Na kanisani tutasema nini?" aliuliza Cephas.

"Kanisani hawaji usiku."

Hivyo wakaja. Ndugu wa ukoo walikuja sita, na kila mmoja alikuja na wafu wake. Kwa kuwa, lazima lisemwe, hakuna mzee aliyeingia katika nyumba ile bila tamaa kwamba atakayechaguliwa awe bibi yake yeye, apate kumtembelea mtoto na kupewa kuku. Walijipanga kuzunguka kitanda cha reli kama jeshi linalouzingira mji. Karabai ilivuma katikati. Mellen alisimama, akawatazama wote saba, ndevu kwa ndevu, akapiga ukelele ambao mabati yaliuitikia.

"Atigo!" aliita Jaduong' Paul. Huyo alikuwa mama yake mwenyewe.

Ukelele.

"Nyasuba!" aliita mwingine.

Ukelele.

"Si Nyasuba, huyo alikuwa mchawi!"

"Mama yangu mchawi? Wewe ambaye babu yako alifukuzwa Kadem?"

"Awuor! Jamani, mwiteni Awuor!"

Wakaita hivyo muda mrefu, wakishindana, kila mmoja akizidisha sauti ili mfu wake asikike vizuri kule aliko, na mtoto naye akizidisha yake. Wakafika jina la ishirini na tatu. Hapo Jaduong' Paul alipandwa na kikohozi. Kilimshika kweli. Akakohoa, akainama, akaketi sakafuni, na wengine wakaacha kuita, wakampiga mgongo, wakampepea kwa kofia, mmoja akaibeba karabai kwenda kumtafutia maji. Chumba kikawa giza. Kikawa kimya. Na Mellen, aliyekuwa amekesha tangu Ijumaa, alilala akiwa amesimama, paji la uso juu ya reli.

Karabai iliporudi, waliona.

"Amenyamaza!" alinong'ona mmoja.

"Nani aliitwa mwisho?"

"Mimi! Mimi niliita Obura!"

"Obura! Ni Obura! Amejulikana! Obura amekuja!"

Na wanaume saba, wenye akili timamu, wenye wake na ng'ombe, wakarukaruka katika chumba cha mtoto aliyelala, wakipiga makofi na kujisifu kwa majina ya ukoo, na mmoja akapiga vigelegele kwa kuwa hapakuwa na mwanamke wa kuvipiga.

Kilichofuata kinajulikana. Mpaka saa nane za usiku Obura alikuwa amekataliwa wazi, na wazee walikwenda zao wakisema kwamba marehemu wa siku hizi hawana msimamo.

Asubuhi ya Jumapili Rispa alimkuta Phelesia jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, sanduku la bati likiwa wazi mbele yake, naye alikuwa akitoa nguo moja moja na kuziweka kwenye kapu.

"Unafanya nini, nyar Karungu?"

"Nazirudisha, mama. Nguo zikikaa kwenye bati hushika kutu."

"Basi ni kesho."

"Nimewasikia usiku kucha. Matiti yangu yaliuma kama yameungua. Leo wataita nani? Watamfufua Adamu?" Alicheka, lakini kicheko hakikumalizika vizuri. "Yule mama wa pili aliyekufa, mama, nilikuwa nimemshika mkono. Aliniuliza, 'Dada, unajua unachofanya?' Sikujua. Nilikuwa nimeshika taa tu."

Rispa alilichukua rinda moja kapuni, akalikunja vizuri kwa pembe zake nne, akalirudisha ndani ya sanduku. Akachukua jingine.

"Nimemsikiliza huyu mtoto wako siku mbili," alisema. "Usiku wa kwanza alilala mara nane. Usiku wa pili alilala hata mbele ya wazee saba. Huyu mtoto ni hodari wa kulala, hapa Suna sijamwona mwingine. Asiyelala ni mwingine."

"Nani?"

"Yule wangu. Leo usiku nitamlaza wangu, na wako atajilaza."

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, Rispa alikwenda kwa mwanawe. Alimkuta barazani akipanga vita vya mwisho na Jaduong' Paul. Walikuwa wamekata shauri kwamba mzee aje alfajiri na baragumu lake la pembe, lile refu la kupulizwa kwenye mazishi ya watu wakubwa, na ushindi ukionekana tu, alipulize mara tatu nchi yote ijue. Rispa aliusikia mpango huo mpaka mwisho. Akausifu. Alisema hajapata kusikia mpango wenye akili kiasi hicho, na hilo lilikuwa kweli. Mzee alipokwisha ondoka, akasema:

"Cephas, mwana wa Okelo, simba aliyetoka tumboni mwangu kwa shida na mpaka leo haijaisha. Nimekuja kama mama wa askari. Kuna jambo nimeliona katika vita vyako."

"Sema, mama."

"Unapigana ukiwa umesimama. Adui anakuona! Askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza, walipokwenda Burma, marehemu baba yako alinisimulia, walilala chini, tumbo ardhini, adui apite asijue. Wewe unasimama na taa kama mnara. Vita vihame chumbani, vije sebuleni, uwanja wa wazi. Weka mkeka. Ulale ubavuni pake kwa hila."

Cephas alifikiri. Neno hila lilimpendeza.

"Na hizo silaha zinamwonya. Nipe nikuwekee hapa barazani. Nitakaa nje, wala sitalala, si haramu, na dirisha litakuwa wazi."

Ndipo shujaa alipovuliwa silaha, jambo ambalo majeshi ya adui hayakuweza. Viatu vyenye misumari vilitoka kwanza, na Rispa akavipanga ukutani. Filimbi ikatoka shingoni. Saa alisita kuivua.

"Nitajuaje ni saa ngapi?"

"Nitakuangalizia mimi."

Akaivua. Rispa aliitia ndani ya kapu la mahindi, chini kabisa, isisikike ikigonga. Mwisho akanyoosha mkono kwa karabai.

"Gizani, mama?"

"Nitaishika mimi hapa nje, nimwone anayekuja."

Akampa. Alipogeuka tu, Rispa aliifungua hewa, na ule mvumo uliokuwa ukitesa boma tangu Ijumaa ukashuka, ukakohoa, ukafa.

Kabla ya hapo Rispa alikuwa amemlisha mwanawe. Ugali wa mtama, samaki ngege mzima wa kuchemsha na mchuzi wake, na kibuyu cha maziwa mala, vyote vikubwa. Mellen naye alikuwa amekula uji wa wimbi, ameogeshwa maji ya vuguvugu, na sasa alikuwa mkekani akivuta kidole cha baba yake.

"Sasa nifanye nini?" Cephas aliuliza kupitia dirisha.

"Msimulie."

"Nimsimulie nini? Mimi sijui hadithi za sungura."

"Msimulie barabara."

Oo, ni neno lililochaguliwa! Kwa kuwa kila mtu Suna alikuwa amekwisha sikia habari za barabara ya kwenda Muhuru Bay, ambayo Cephas aliisimamia kipande chake cha maili tano, na kila mtu alikuwa na njia yake ya kuikimbia. Hakuwahi hata mara moja kuimaliza. Sasa alikuwa na msikilizaji asiyeweza kusingizia kwamba ameacha chungu motoni. Alijinyoosha chali, Mellen akampandia kifuani, naye akaanza kwa sauti nene iliyotetemesha mbavu zake, na mtoto akaweka sikio papo hapo, akishangaa ngoma iliyomo ndani.

"Tulianza siku ya Jumatatu. Watu walikuwa thelathini na wanane, kwa kuwa wawili walikuwa na homa. Tulianza na mtaro wa kushoto. Mtaro wa kushoto ulikuwa futi mbili kwenda chini. Kisha tukafanya mtaro wa kulia. Huo nao ulikuwa futi mbili. Ndipo ikaja lori ya changarawe. Ikamwaga. Tukatandaza. Ikaja lori ya pili. Ikamwaga. Tukatandaza..."

Barazani Rispa alijifunika blanketi, akaegemea nguzo. Lori ya tano ilimwaga. Ya sita. Walifika kwenye kalavati ya kwanza, yenye mabomba mawili ya saruji, na yakaelezwa bomba la kwanza na bomba la pili. Lori ya kumi na moja ilikuja, lakini ilichelewa kumwaga. Ya kumi na mbili ilisikika kwa mbali. Na kabla ya kalavati ya pili, Mnyapara Cephas, aliyewachosha watu wazima kwa habari hiyo miaka mitatu, hatimaye alijisikiliza mwenyewe, na akalala.

Ilikoroma sauti moja kama msumeno katika mti mbichi, na juu yake nyingine ndogo kama paka.

Rispa hakushangilia. Hakutangaza. Alikaa tu.

Jogoo wa kwanza alipowika, giza likiwa bado zito, kulisikika ndani, "Mama."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Phelesia alikuwa amesimama pale, miguu mitupu, mikono imekumbatia kifua, na hakuna aliyehitaji kumwambia ni kitu gani kilichokuwa kikimvuta. Rispa aliinua mkono mmoja. Phelesia akasimama.

"Mama?" Mellen alikuwa ameketi, kivuli kidogo kifuani pa kilima. Alitazama huku na huku. Hapakuwa na taa usoni. Hapakuwa na pua. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza kama amelala. Kilima chini yake kilipanda na kushuka. Alipapasa gizani, akapata sikio la baba yake, akalishika kama mpini, akalala tena.

Phelesia alibaki mlangoni akilia bila sauti, na Rispa akashusha mkono.

Kulipopambazuka, sanduku la bati lilikuwa uani, limefungwa kamba. Phelesia alikuwa amevaa rinda la bluu na kitambaa cheupe. Basi la Homa Bay lingepita njia panda muda si mrefu. Alikuja mpaka mlangoni kuwatazama mara moja, na hapo, kutoka upande wa shamba, akatokea Jaduong' Paul amebeba baragumu lake begani, mnyofu kama siku ya mazishi ya chifu.

Alichungulia. Aliona. Macho yalimng'aa. Akaliweka baragumu mdomoni, akavuta hewa mpaka mashavu yakawa kama matikiti.

Na wakati huohuo Cephas alifumbua macho.

Aliona mwanga. Aliona mtoto kifuani pake, mdomo wazi, mate yakimlowesha shati, ameshikilia sikio lake. Usiku mzima! Giza hadi jogoo! Ushindi ulipanda ndani yake kutoka tumboni, ukafika kooni, mdomo mkubwa ukafunguka kuutangazia ulimwengu. Aligeuza macho mlangoni ili aone waliokuja kumsikia, akamwona mkewe.

Phelesia hakumwomba. Alisimama tu na uso wake. Mellen akiamka sasa, akamwona mama yake na kitambaa cheupe na sanduku, atalia kilio ambacho hakuna mama atakayekipa mgongo, na basi litapita likiwa na kiti kitupu. Hilo Cephas alilisoma katika uso ule polepole, neno kwa neno, kama alivyoisoma ile barua.

Hapo, enyi wa Suna, ndipo vita vilipopiganwa. Si usiku. Hapo. Mishipa ya shingo ilisimama. Filimbi haikuwapo, saa haikuwapo, alikuwa peke yake na mdomo wake. Mwanamume yule akautoa mkono wa kushoto chini ya blanketi, akauweka juu ya mdomo wake mwenyewe, akaukandamiza. Kisha akamtazama Jaduong' Paul na kutikisa kichwa, mara moja, taratibu, macho yakimsihi.

Mzee alikuwa na hewa ya kujaza bonde. Hakujua aipeleke wapi. Ilitoka kupitia puani, kidogo kidogo, kwa muda mrefu, mashavu yakishuka, mpaka baragumu likashuka pia.

Phelesia aliinama, akagusa ukingo wa mkeka kwa vidole viwili, si mtoto. Akageuka. Rispa alimsaidia kuliweka sanduku kichwani, akamwambia kwa sauti ndogo, "Jifunze yote. Hata wanayodhani unayajua." Na basi lilipounguruma njia panda, abiria mmoja alikuwa tayari amesimama kando ya barabara, mkono juu.

Ndani ya nyumba sifa hazikuweza kungoja, kwa kuwa wanaume ni wanaume. Jaduong' Paul alijikunja mpaka sikioni kwa shujaa, lile lisiloshikwa, akamsifu kwa kunong'ona, sifa zote za ukoo kwa mpangilio: simba wa Suna, mpasua mwamba, fahali asiyefungwa kamba. Cephas alisikiliza, mkono ukiwa bado mdomoni, machozi yakimtoka kwa furaha aliyonyimwa.

"Rudia ile ya fahali," alinong'ona kupitia vidole.

Ikarudiwa. Basi lilikuwa limekwisha panda kilima.

Na iwekwe katika kumbukumbu za nchi, itajwe mbele ya vizazi: katika mwaka wa tatu wa Uhuru, mwanamume wa Suna alikuwa na jambo la kusema, na hakulisema, kuanzia mapambazuko hadi saa moja na robo. Mashahidi walikuwa wanawake watatu. Mmoja aliliona akaenda zake Homa Bay, wa pili aliliona akaenda kulala, na wa tatu, aliyeshika sikio, hakuona kitu.